Kilo Tisini na Mbili

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha kupanda gurudumu la umeme, na alinifundisha kwa waya wa breki ya baiskeli. Gurudumu lile la kwanza, mjomba wetu alilileta kutoka Ulaya akaliacha nyumbani: tairi moja nene, kikanyagio kila upande, hakuna usukani wala kiti. Unasimama, unainama mbele linakwenda, unaegemea nyuma linasimama. Halikuwa na springi yoyote, na kila shimo la Bigo, mtaa wetu, lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno. Kwa hiyo mpandaji mwenyewe ndiye aliyekuwa springi. Unakunja magoti kabla ya shimo, unajiinua ili gurudumu lipite likiwa jepesi, kisha unatua. Nikichelewa kukunja, waya ulinipata nyuma ya mguu. Nikiwahi mno, ulinipata pia. Mama alikuwa akichambua maharage mlangoni na hakuinua kichwa.

Nilijifunza, hilo simnyimi. Miezi michache baadaye nilikuwa napita mashimo ya mtaa wetu nikiwa na ndoo ya maji mkononi, nimevaa suruali ya kaka, na wanawake waliokuwa wakirudi kanisani walinitazama kama mtu aliyetoka uchi. Sikujali. Nilichojali ni yeye. Siku mwanaume mmoja alipokuja nyumbani na ndugu zake wawili kuniangalia kama nafaa kuolewa, kaka alingoja wageni washike soda zao, akasema, "Huyu ameanguka mara mingi. Sijui kama ile tumbo itashika mutoto." Wakacheka, na baba akacheka nao. Yule mwanaume hakurudi. Nilimchukia kaka siku hiyo na sikuacha.

Kazi yake ilikuwa kubeba dawa. Mama mmoja aliyehamia kutoka Butembo alikuwa na depo ya dawa mjini, na kaka alipeleka vichupa vya sindano kwenye zahanati ndogo ndogo mpaka Mbunya, mgongoni, kwenye mkoba uliojazwa sponji. Alikuwa mtu mnene, mwenye shingo, na alipopita watu walisema huyu ni mtu. Kisha sukari ilimshika. Mwili uliisha mbele ya macho yetu. Mtu akikonda kwetu, watu hawaulizi anaumwa nini, wananong'ona tu, na jibu wameshalichagua. Yeye akaanza kuvaa suruali mbili, moja juu ya nyingine. Siku alizoshindwa kuamka nilimshikia kazi, na vichupa vyangu vilifika vizima.

Mama wa depo alikwenda Uchina kununua bidhaa akarudi na gurudumu jipya, zito, refu kuliko lile la zamani. Hili lilikuwa na amotiseri, kama pikipiki: chupa ya hewa iliyobeba vikanyagio, ikipanda na kushuka. Alitueleza bila kuzunguka kwamba wa kulipanda ni mmoja tu. Jumamosi, kila mmoja atabeba mkoba wa vichupa mpaka kwenye zahanati ya mwisho na kurudi, na atakayefikisha vizima ndiye atakayefanya kazi. Mpaka siku hiyo tuje tujizoeze nyuma ya depo.

Kaka hakuja hata mara moja. "Roue ni roue," alisema, gurudumu ni gurudumu tu.

Mimi nilikwenda kila asubuhi, na kila asubuhi gurudumu lilinitupa. Yote aliyonitia mwilini kwa waya yalikuwa sasa adui yangu. Nilikunja magoti kabla ya shimo kama nilivyofundishwa, amotiseri ikashuka pamoja nami, na nilipojiinua ikajiinua nayo, ikanirusha juu ya mkoba. Nilitema damu mchangani mara mbili. Siku ya tatu nilichoka nikasimama tu, magoti yamelegea, nikakanyaga tuta kwa hasira bila kufanya chochote. Gurudumu likazama, likapanda, nami nikabaki pale pale. Nilicheka peke yangu. Kumbe kazi ilikuwa kuacha: kusimama wima, kusukuma polepole kwa vidole vya miguu, kuanza breki mapema kwa sababu mashine huinama kwanza ndipo ishike. Mguu ulitaka kuruka, na ilinibidi kuukataza kila shimo.

Jambo jingine nililijua kwa kusoma karatasi iliyokuja na gurudumu na kwa kujaribu. Hewa ya amotiseri hujazwa kwa pompe ndogo yenye mshale, kulingana na uzito wa anayepanda. Unaposimama, vikanyagio vinapaswa kuzama kidogo. Ukijaza hewa ya mtu mnene chini ya mtu mwembamba, amotiseri haizami hata kidogo, inakuwa ngumu kama jiwe, na ikishagongwa inamrudishia mpandaji pigo lote. Kwangu nilikuwa nimepata kipimo sawasawa. Cha kaka ningeweza kukipata pia. Nilikuwa nimeona kadi yake ya zahanati mwezi ule: kilo sitini na saba.

Jumamosi watu walijaa mbele ya depo, wateja, madereva wa pikipiki waliompigia kaka kelele za kumtia moyo, na wajomba wawili. Mama wa depo alinipa pompe kwa kuwa ni mimi niliyeijua. Nilichuchumaa kando ya gurudumu. Nilikuwa na nafasi ya kumvuta kaka pembeni, ndani kati ya makatoni, tukaongea. Sikumvuta.

"Yaya," nilimwuliza kaka kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "uko na kilo ngapi? Lazima nijue juu ya kutia hewa."

Alinitazama, akawatazama wajomba.

"Quatre-vingt-douze," alisema, uzito wake wa kabla ya sukari. "Unajua."

"Quatre-vingt-douze," nilirudia, nikajaza hewa ya kilo tisini na mbili.

Aliondoka vizuri. Kwenye tuta la kwanza alikunja magoti, akajiinua kama alivyojiinua miaka yote, na gurudumu likampiga kutoka chini wakati miguu yake ilikuwa myepesi. Alianguka kwa mgongo, juu ya mkoba. Sauti ya vichupa niliisikia pale nilipokuwa. Suruali ya juu ilichanika, ya chini ikaonekana, na dereva mmoja wa pikipiki akacheka kabla hajajizuia. Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nikafungua hewa mpaka kipimo changu, nikapewa mkoba mwingine, nikaenda na kurudi. Hakuna kilichovunjika. Kazi ikawa yangu siku hiyo hiyo.

Mguu wa kaka ulikuwa umekatwa na kikanyagio, kidonda kidogo tu juu ya kifundo. Kwa mtu mwingine kingefunga kwa wiki. Kwake, na ile sukari, kiliamua kubaki, kikapanuka, kikaanza kunuka. Tulimpeleka hospitali ya Nyankunde, na alirudi nyumbani bila mguu kuanzia chini ya goti.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha, maana mama alikuwa amezeeka na kaka hana mke. Mchana mmoja nilikuwa nafunga kitambaa kwenye kigutu, yeye akitazama ukuta.

"Siku ile niliona ule mushale wa pompe," alisema. "Niliona uko unajaza mingi."

Nilimwuliza kwa nini basi alipanda.

"Nilikuwa nimesha sema quatre-vingt-douze. Wajomba walikuwa pale." Aliinua kigutu nipitishe kitambaa. "Kama ungeniuliza ndani ya nyumba, siye wawili tu, ningekuambia kilo ya kweli."

Nilimaliza kufunga fundo. Nikamwambia kwamba hilo nililijua, na ndiyo maana nilimwuliza nje.