Lupango ya Nyumba ya Pili

Sikusoma sana, na sijui kama mtu wa kambi anaweza kusifu kambi yake bila kuongeza chumvi. Lakini kambi yetu ya Dilala, ile ya nyumba za kompani ya migodi, ilikuwa nzuri. Njia zimenyooka, nyumba mbili mbili chini ya bati moja, na mbele ya kila nyumba lupango, yaani ua wa majani mabichi. Kila Jumamosi tuliukata usawa wa kifua. Mkaguzi wa kompani alipita, na ukiwa umezidi alikuita mchafu mbele ya jirani. Hatukumpenda. Hata hivyo mpaka leo nikiona lupango imeota ovyo, mkono unaniwasha.

Kompani ilipoanza kuanguka, mkaguzi hakupita tena. Ndipo wakaanza kufukuza watu waliotoka jimbo la Kasai. Jirani zetu wa bati moja walikuwa Wakasai: bwana aliendesha treni ya mgodi, mke wake alikuwa na mimba kubwa. Walikimbilia gare, yaani stesheni, kungoja treni ya kuwarudisha kwao, wakilala nje pamoja na wengine wengi, mvua ikinyesha.

Niandike kwa haki: waliowafukuza walikuwa watu wa kwetu. Na aliyewabebea godoro mpaka gare alikuwa baba yangu, wa kwetu vilevile.

Mama alimwambia yule mke, "Mutoto hatazaliwa mu gare. Siku ikifika, urudie mu nyumba yako."

Lakini vijana walizunguka wakitafuta nyumba tupu za kuingia, na alama yao ilikuwa lupango iliyoota ovyo. Basi kila Jumamosi Mama alikata upande wetu na upande wao, akafagia na kiwanja chao.

Siku moja wakafika.

"Mama, mu hii nyumba kuko nani?"

"Hamuna macho? Muangalie lupango."

"Bale Bakasai si balishaka kwenda?"

"Sasa majani inajikata yenyewe?"

Mmoja akacheka. "Twende, huyu mama atatukata na sisi!"

Wakaenda. Labda walidanganyika, maana kambini kwetu nani angekatia nyumba tupu? Labda walijua, wakamheshimu Mama. Siwezi kuwanyima sifa hiyo.

Siku ilipofika, yule mke alirudi, na mtoto, wa kike, akazaliwa katika chumba cha wazazi wake. Treni ilipofika, bwana alikuja kuwachukua. Akaiona lupango, imeanza kuota tena tangu Jumamosi. Akaomba makasi.

"Tata, treni itakuacha!" Mama akalia.

"Itangoja. Mi sitoke mu kambi kama mutu muchafu."

Akakata upande wake wote, akazoa majani, akayatupa shimoni, ndipo akabeba mzigo. Mke akamfuata na mtoto mgongoni.

Mama alisimama akiangalia. Upande wa yule bwana ulinyooka kuliko wetu. Akaokota makasi, akaanza kukata wetu upya.