Blanketi la Mama Mkwe

Tadei wa Tumati alikuwa na kanuni moja: kitu kisicho na kibali hakilali ndani ya nyumba yake. Ilikuwa kanuni nzuri. Nasema hivyo mapema, maana wengi humcheka na wao wenyewe hawana kanuni hata moja.

Mwaka 1984 alikuwa katibu wa kamati ya kuzuia magendo. Siku ya mahari ya binti yake Letisia, mchumba Baltazar alifika kutoka Hirbadaw na wazee wake, ng'ombe, asali na blanketi la mama mkwe. Kwa mila yao, binti hakuondoka kwao kabla mama yake hajafunikwa blanketi. Tadei alilipokea, akaligeuza, akasoma lebo.

"Limetoka Kenya. Kibali kiko wapi?"

"Shikamoo, baba," akasema Baltazar.

"Marahaba. Haya ni magendo. Neno lenyewe linatokana na kwenda: mali inayokwenda bila ruhusa. Nimeikamata."

"Unamkamata mkwe wako?" mkewe, Genoveva, akashangaa.

"Nimekamata blanketi. Yeye mpe ugali."

Blanketi likafungiwa stoo ya kata kusubiri kesi. Mwaka uliofuata Hanang, iliko Hirbadaw, ikawa wilaya. Sasa mshtakiwa alikuwa Hanang, kielelezo kikabaki Tumati, wilayani Mbulu, na kukihamisha kulihitaji kibali. Kabla hakijatoka, biashara ikaachiwa huria na vibali vya blanketi vikafutwa. Sokoni Mbulu mablanketi yakarundikwa kama mahindi. Baltazar akaleta mengine mawili.

"Kesi ya lile la kwanza haijaisha," Tadei akamwambia. "Rudi nayo."

Mwaka 1991 Baltazar alimwoa Eva, ambaye baba yake hakusoma lebo.

Tadei hakuacha kufuatilia. Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa mwaka 2002, alipanda basi hadi Babati, akaketi mbele ya afisa mmoja kijana.

"Mzee, chukua tu blanketi lako."

"Nilibebe bila kibali? Mimi?"

"Kibali hicho hakipo siku hizi."

"Basi nitakaa hapa mpaka kiwepo."

Alikaa siku tatu. Siku ya tatu afisa alichana karatasi kwenye daftari, akaandika, "Anaruhusiwa kubeba blanketi moja," akagonga muhuri wa mapokezi. Tadei aliisoma mara mbili, kisha akaomba nakala.

Stoo ilipofunguliwa, ilionekana panya walikuwa wamelala ndani ya blanketi miaka kumi na minane, wala hawakuulizwa kitu. Tadei alilipeleka nyumbani pamoja na ile karatasi. Genoveva alilikunjua, akamtazama mumewe kupitia tundu walilotoboa panya.

"Baba Letisia, mama mkwe ndiye mimi. Mkwe yuko wapi?"

Tadei akamwonyesha muhuri.

Sheria ilishikwa mpaka mwisho, hata baada ya kufutwa. Letisia alikuwa na miaka thelathini na tisa. Hakuolewa.