Kerengende Aliyezama Taa Zikiwaka

Asubuhi hii ukingo wa Ziwa Erie umeganda, na Wanda Przybyla anachora mbawa. Ameinama mezani kwake, ghorofani juu ya duka la vitabu vya katuni mjini Cleveland, ulimi umemtoka kidogo kwa umakini. Anamaliza bawa la nne la Kerengende, anapuliza wino ukauke. Donati yake ya jamu ameiweka mbali.

"Jamu ikidondoka hapa, kazi yote imekwenda na maji," anasema.

Kerengende ni chombo cha kuruka cha Mlinzi wa Ziwa, shujaa anayesomwa mji mzima. Shujaa mwenyewe, tuseme ukweli, hana lolote. Nguvu zote anazo Kerengende: husimama hewani, huyeyuka ndani ya ukungu asionekane, na akisikia mluzi wa bwana wake huja, hata awe amefukiwa na mawe. Taa zake mbili za mbele ndizo macho. Uhai ukimtoka, huzimika.

Shujaa huchorwa na mtu mwingine. Wanda, mwenye miaka hamsini na tisa, huchora chombo tu, na hulipwa tu kwa kurasa ambazo chombo kimo. Ndiyo maana mwaka jana maneno ya mhariri wake, Ray, yalimkata maini. Mauzo yalikuwa yameshuka, na kampuni ilitaka Kerengende azame ziwani, afe, basi.

"Nikamwuliza, 'Ray, unaua chombo au unaniua mimi?' Akasema, 'Wanda, si bati tu lile?' Bati! Nililia kama nimefiwa."

Akachora, maana kazi ni kazi. Katika ukurasa wa mwisho Kerengende anazama, mbawa zimevunjika, maji meusi yanamfunika. Ray akaupitisha, kitabu kikachapwa.

Siku kilipotoka, Otis Tolliver, dereva wa basi mstaafu ambaye hununua nakala mbili, moja ya kusoma na moja isiyoguswa, alikifungua palepale kaunta. Alikisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha duka zima likamsikia.

"Acheni kulia nyie! Taa zinawaka!"

"Wapi?" aliuliza mwenye duka.

"Hapa! Vaa miwani, bwana! Si tunajua macho yakizimika ndiyo kufa? Haya yamezimika?"

Hayakuwa yamezimika. Wanda alikuwa ameziacha taa nyeupe, kama alivyozichora miaka yote. Na kwa wasomaji hawa, kilichochapwa ni sheria; hata mhariri hana ubavu wa kukifuta. Haikupita wiki, watu wakawa wanapita mbele ya ofisi za kampuni wakipiga miluzi ya kumwita Kerengende: mmoja mrefu, miwili mifupi. Ray alishika kichwa, kisha akashika simu.

"Akaniambia, 'Haya, mfufue.' Nikamwambia, 'Kwani amekufa, bosi? Husomi?'" Wanda anacheka mpaka meza inatikisika.

Je, alisahau kweli kuzizima?

"Nilisahau," anasema, akifuta kalamu yake. "Mkono wangu haujui kumchora maiti."

Kitabu cha kuibuka kwa Kerengende kinatoka mwezi wa tano. Habari za kustaafu, Wanda hataki hata kuzisikia.

"Nitamchora mpaka macho yangu ndiyo yazimike."

Kutoka dukani chini unapanda mluzi wa Otis: mmoja mrefu, miwili mifupi.

"Nakuja!" anaitikia Wanda, na donati yake mkononi.