Mafua ya Kitana

Kitana alituambia ana mafua. Tulimwamini siku mbili nzima, kwa sababu alijifunga leso puani, na ndani ya leso akaweka ganda la limau, akawa anaongea kama mtu aliyefungiwa mtungini. Siku ya tatu akainua uso kutoka kwenye kichwa cha mteja, akauliza, "Nani anakaanga vitunguu?"

Tukatazamana. Jiko la karibu liko nyumba ya nne, ng'ambo ya barabara. Mtu wa mafua hasikii hata harufu ya kwapa lake.

Huyu ndiye msusi wetu namba moja. Jina alipewa na wateja, maana haachani na kitana. Hata akinywa chai kimechomekwa nyweleni. Vidole vyake ni vyepesi mpaka watu wanasinzia akiwasuka.

Ilikuwa mimba, na saluni nzima ilijua. Hakuna aliyesema. Mbili za kwanza alizitangaza zikiwa changa, tukapiga vigelegele, na zote zikatoka kabla ya mwezi wa nne. Akarudi kazini, akasimama palepale kwenye kiti chake, kila mteja anamuuliza, "Vipi, tumbo linaendeleaje?" naye akijibu mmoja mmoja. Safari hii aliamua kufunga mdomo mpaka avuke. Mdomo ulifungika. Pua ndiyo iliyomchongea.

Na saluni si mahali pa pua. Kuna dawa ya nywele, rasta zinazochomwa ncha, draya inayonuka vumbi la moto. Mimi niliyeishia nusu ya diploma ya maabara ningeweza kukutajia kilichomo ndani ya kopo la dawa. Yeye alikuwa analisikia kabla halijafunguliwa. Mama mwenye saluni akaanza uongo: "Dawa imekwisha, mwanangu, suka tu." Makopo kumi na mawili yalikuwa stoo, nimeyapanga mwenyewe. Ncha za rasta tukawa tunazichovya kwenye maji ya moto. Kitana alipouliza, tukamwambia ndiyo mtindo mpya.

Ndipo akaja Bi Redio. Huyu ni mteja wa kila Jumamosi, anayejua nani kaachwa kabla mwenyewe hajajua. Marashi yake huingia kwanza, yeye hufuata.

"Leo anisuke Kitana," akasema. "Ninyi wengine mna vidole vya kuchimbia mashimo."

Kitana akashika fungu la kwanza, la pili, kisha akaachia nywele na kukimbilia uani. Nikawasha draya tupu, ipige kelele kumfunika. Haikumfunika.

Bi Redio akatuangalia kwenye kioo. "Ana nini huyu?"

"Mafua," nikasema.

"Mafua."

"Makali sana, Bi."

Akageuza shingo kuelekea uani. Nikajua tumekwisha. Jioni mtaa mzima utakuwa na habari, na Jumatatu Kitana ataanza kuulizwa maswali yaleyale. Alirudi macho mekundu, akaomba radhi, akamalizia kichwa kile huku ameshikilia pumzi.

Jumamosi iliyofuata Bi Redio aliingia bila kutanguliwa na kitu. Hana marashi, hana poda. Ananuka sabuni ya mche, ile ya kufulia. Mteja mgeni kwenye benchi akatoa chupa ya manukato pochini. Bi Redio akamdaka mkono. "Rudisha hiyo, shoga. Humu ndani kuna mafua."

Na mtaani? Tulipeleleza. Kimya kabisa.

Ikawa hivyo wiki kumi. Mwezi wa nne ukaingia, ukakaa, ukapita. Halafu Jumamosi moja Kitana akavua leso, akaikunja, akaiweka kwenye droo ya pini. Mkono mmoja ukashuka tumboni.

"Jamani," akasema, "mimi sina mafua."

Mama akapiga ukelele wa mshangao, ila alichelewa. Mimi nikaangusha rola kwa makusudi. Bi Redio akajishika kifua: "He! Mbona mimi sikujua kabisa?"

Kitana hakucheka. Alisogea nyuma ya kiti chake, akainama mpaka pua ikagusa utosi wa Bi Redio, akavuta pumzi taratibu.

"Sabuni ya mche, Bi. Wiki kumi zote?"

"Mafua yanaambukiza," Bi Redio akasema, macho yakimlengalenga machozi. "Haya, suka basi, mwanangu. Shingo inauma."