Siku Esha Alipofanywa Mgeni Mombasa

Nimesumbuliwa mimi. Mwalimu wa kisomo cha ngumbaro katuambia kila mmoja aandike habari za mtu anayemjua, na darasa zima likanigeukia: "Bibi, andika ile ya Esha na Mombasa." Kwani ile ya Esha imekuwa halua, kila mtu aitake? Nimeisimulia harusini, nimeisimulia matangani, hata kwenye foleni ya zahanati nimeisimulia. Kuisema si kazi. Kuiandika kwa vidole hivi vilivyozoea kusuka ukili ndiyo taabu. Lakini wako watu wanaoisimulia vibaya, wakisema ati Esha alifukuzwa kwenye gari, nami sitaki mdogo wangu azuliwe. Haya, someni, na msiniulize tena.

Esha ni mdogo wangu, tumbo moja, tumezaliwa Msambweni. Tangu utotoni alikuwa na maradhi ya kutaka kujua. Tukipanda kunde, kila asubuhi huzifukua aone zimefika wapi, kisha huzifukia, na mama akistaajabu kwa nini upande wa Esha hauoti. Alichapwa, hakupona. Akaolewa na mkwezi wa minazi, akamzaa Hafsa na wenziwe wawili, akaachika, akaenda Diani kutafuta kazi. Hoteli moja ikampeleka londri, kule mashuka na taulo za wageni zinakofuliwa. Mwaka ninaousema, wa tisini na nane, alikuwa amefua mashuka ya watu miaka kumi na tisa.

Londri walikuwa wawili. Esha alifua, Concepta akapiga pasi. Concepta ni mtu wa bara, Mkristo, alikuja pwani na mtoto mgongoni, na Esha alimpokea kama mwanawe, ingawa mdomoni alimwita "wewe mtu wa ugali". Basi baada ya vurugu za Likoni, ikafuata mvua ile ya El Nino, wageni wakapungua hotelini mpaka bwawa la kuogelea likafanya ukijani. Meneja wao, Bwana Cornelius, akatangaza kuwa mwisho wa mwezi wa sita londri itabaki na mtu mmoja. Kila mtu alijua atakayetoka ni Concepta, kwa sababu ndiye aliyekuja mwisho.

Palikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Mtembeza wageni wa hoteli, yule anayewachukua wageni watano sita kwa gari dogo kwenda kuwaonyesha mji wa Mombasa, alikuwa ameacha kazi. Concepta akaiomba nafasi ile. Bwana Cornelius akamwambia, "Nitakupima. Ukifaulu utavaa fulana ya njano ya watembeza wageni. Ukishindwa, tafuta nauli ya kwenu."

Wiki tatu nzima Concepta alikariri daftari lake juu ya meza ya pasi. "Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka elfu moja mia tano tisini na tatu," na pasi inakwenda. "Ngome ilizingirwa karibu miaka mitatu," na pasi inarudi. Esha, mikono yake ndani ya povu, akayajua yote kwa moyo bila kutaka.

Siku ya kupimwa ikafika na wageni wa kupimia hawapo. Bwana Cornelius akachukua wafanyakazi: Chande wa bustani, Abdurahman mpishi wa mikate, wasichana wawili wa vyumba, na Esha. Akawapanga mbele ya gari kama watoto wa chuo cha Kurani.

"Leo nyinyi ni watalii. Mmetoka mbali, hamjui kitu. Concepta atasema Kiswahili, Kiingereza chake nakijua. Na saa nane kamili tuwe kwenye foleni ya feri, tunarudi. Akichelewa, amefeli."

Esha alikuja na buibui lake la Idi, amejitia udi. Concepta akamvuta kando.

"Shikamoo, Mama Hafsa. Nakuomba. Mimi nakujua. Leo usiniulize maswali. Niache tu nimalize hii kitu."

"Marahaba. Kwani mimi mtoto?"

"Apa."

"Wallahi nitafunga mdomo."

Na alikuwa na nia ya kweli. Mimi ni nduguye, nakuambieni alikuwa na nia. Alijua yule msichana akishindwa, kesho yake atafunga mzigo.

Mpaka feri inavuka Esha alikuwa kimya. Mpaka Mombasa mjini, kimya. Wakafika kwenye zile pembe kubwa za ndovu zilizovuka barabara. Chini ya pembe zile Esha alikuwa amepita mara mia akienda Barabara ya Biashara kununua leso, au akienda hospitali kumtazama mgonjwa, wala hajawahi kuinua macho. Mtu mwenye shughuli hatazami juu. Leo amefanywa mgeni, hana mzigo wala mgonjwa, akainua macho. Concepta anasoma mambo yake ya miaka, Esha keshashuka garini, keshaifikia pembe, anaigonga kwa kifundo cha kidole, nayo ikalia kama bati.

"Sufuria," akasema taratibu. "Chande, njoo usikie. Hii ni sufuria."

"Ya pilau ya mji mzima," Abdurahman akamjibu dirishani.

Wakacheka. Bwana Cornelius hakucheka, aliandika. Concepta akamtolea Esha macho, na Esha akarudi kitini. "Sikuuliza," akasema. "Nimegonga tu."

Wakaingia Ngomeni. Hapo tena Concepta alikuwa hodari, kila tarehe mahali pake, kila ukuta na jina lake. Watu wangapi walikufa humu, nani alimtoa nani, mzinga huu wa nani. Esha alizunguka amejishika kidevu. Kuta zile ni nene kuliko nyumba yetu ya Msambweni ilivyo pana. Akatazama mahali askari walipolala. Akahesabu kichwani, askari wangapi, siku ngapi, jua hili, jasho hili. Akaangalia chini. Akaangalia juu. Mwishowe likamtoka.

"Walifua wapi?"

Concepta akakatisha tarehe aliyokuwa akiitaja.

"Watu wote hao," Esha akasema, "karibu miaka mitatu wamefungiwa humu. Nguo zao zilifuliwa wapi?"

Daftari lilikuwa halina jambo hilo. Concepta aliguguna mdomo, na Bwana Cornelius akainua kichwa, kalamu mkononi, akingoja jibu. Bahati yao mzee mmoja wa humo ndani, mzee Ngala, alikuwa amesimama karibu.

"Swali hilo," akasema, "tangu niajiriwe sijaulizwa. Njooni."

Akawapeleka penye kisima, kirefu hasa. Akawaambia maji yake yalikuwa ya chumvi, hayanyweki, yalifaa kufulia tu. Kila mtu akaridhika. Esha je?

"Mzee wangu, mimi ni mfuaji. Kwenye maji ya chumvi sabuni haifanyi povu. Walisugulia nini?"

Mzee Ngala akajikuna. "Mama, mimi nimeandikwa kazi ya kuonyesha mizinga."

Wakasimama pale kisimani wakibishana: majivu, Chande anasema; mchanga, anasema msichana wa vyumba; hawakufua kabisa, anasema Abdurahman, ndiyo maana hakuna aliyewakaribia. Bwana Cornelius akatazama saa. "Dakika ishirini na tano zimekwenda," akasema, akaandika.

Concepta akamshika Esha mkono wakitoka. "Mama Hafsa, uliapa."

Esha akainamisha kichwa. Aliona haya, na Esha kuona haya si jambo la kila mwaka.

Wakaingia Mji wa Kale kwa miguu, vichochoro vile. Concepta akawasimamisha mbele ya mlango wa nyumba, mlango mkubwa wa nakshi, akaanza: maua haya maana yake hivi, minyororo hii maana yake vile. Watu saba wamesimama mlangoni kwa watu, wanatazama. Ndani mwiko unasikika ndani ya sufuria, mtoto anakohoa.

Sasa wewe msomaji, kama umezaliwa kwetu, unajua. Husimami mlangoni kwa mtu ukamtazamia nyumba kimya kama mwizi anayepima ukuta. Unapiga hodi, au unapita. Esha mlango wa kwanza aliuvumilia, akatazama kando. Wa pili akajifunika uso kwa buibui, asijulikane. Wa tatu, mwenye nyumba alikuwa anaimba huko ndani, hana habari kwamba kizingiti chake kimejaa watu. Esha akamtazama Concepta. Akamtazama Bwana Cornelius. Akashindwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Mama Hafsa, tafadhali!"

"Hodi!"

Wimbo ukakatika. "Karibu! Nani?"

"Ni sisi, wapita njia. Tunautazama mlango wako, tumeona tukusalimu."

Likasikika komeo likivutwa, na mlango ukafunguka. Akatoka mama mtu mzima, miwani kwenye paji la uso, mkono una unga. Jina lake Bi Mwanatumu. Akawaangalia mmoja mmoja.

"Miaka mingapi watu wanasimama hapa," akasema, "wananipigia picha mlango, hata salamu hawanipi. Siku nyingine namwaga maji, wananipiga picha namwaga maji. Leo ndiyo nasikia hodi. Karibuni. Wanaume wakae barazani, kahawa itawajia. Wanawake piteni ndani."

Hapo Concepta alikuwa amebanwa. Mtembeza wageni haachi wageni wake, na wageni wake sasa ni mafungu mawili. Bwana Cornelius akataka kuingia, Bi Mwanatumu akamzuia kwa mkono wenye unga. "Wewe baba, baraza hiyo hapo." Meneja mzima akakaa barazani kati ya Chande na Abdurahman, daftari gotini.

Ndani wanawake walikaa dakika arobaini. Kitu cha kwanza alichofanya Esha ni kugeuka nyuma kuutazama mlango. Upande wa ndani haukuwa na hata ua moja. Mbao tupu, komeo, na kipande cha debe kilichogongomelewa penye ufa.

"Mbona huku hakuna nakshi?"

"Nakshi ni ya wapita njia," Bi Mwanatumu akasema. "Sisi wa ndani tulitaka komeo tu." Kisha akawaeleza aliyeuchonga, babu yake, na jinsi alivyolikosea ua moja juu kushoto siku aliyozaliwa mtoto wake, akakataa kulirekebisha. Akawaonyesha ua wa nyumba, na tundu la ngazini alimokuwa akichungulia akiwa mwari aone nani kaja kumposa. Akawapa kashata. Akamuuliza Esha naye ni wa nani, na Msambweni sehemu gani. Esha aliuliza mpaka akachoka kuuliza, na hilo mimi sikudhani litatokea duniani.

Concepta hakufungua daftari hata mara moja. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdomo wazi, akitazama tundu la ngazini. Wakati wa kuaga alibaki nyuma kidogo, akazungumza na Bi Mwanatumu peke yao.

Walipotoka ilikuwa saa nane kasorobo. Wakafika kwenye feri saa nane na dakika ishirini.

Iddi dereva akazima gari, foleni ilikuwa ndefu. Bwana Cornelius akafunga daftari. "Concepta, pole. Muda umekushinda. Na mtalii ndiye aliyekutembeza wewe."

Concepta akaitika kwa kichwa. Esha alitaka ardhi ipasuke. Chande akashindwa kuvumilia.

"Lakini jamani, ndani mlikuwa na nini? Sisi tumeshinda tunatazama nakshi, na tunasikia mnacheka."

Concepta akaanza, sauti ndogo. Hakusema wageni wapendwa. Akasema, "Upande wa ndani ule mlango ni mbao tupu." Akawaeleza ua lililokosewa. Akawaeleza tundu la ngazini, binti amepiga magoti, posa inafika chini, yeye anaona viatu tu, anachagua mume kwa viatu. Abdurahman akaguna. Iddi akageuka kwenye usukani. Foleni ikasogea, gari la nyuma likapiga honi, hakuna aliyesikia.

"Na alichagua viatu gani?" Sauti ya Bwana Cornelius hiyo.

"Vya kahawia, sir. Vilivyoshonwa kisigino."

"Kwa nini vilivyoshonwa?"

"Alisema mtu anayeshona kiatu hatatupa mke."

Bwana Cornelius akatazama dirishani. Baadaye akauliza tena, "Na lile komeo ni la mti gani?" Concepta akamjibu. Akauliza la tatu. Akajibiwa.

"Hii yote haimo kwenye daftari lako."

"Haimo, sir. Nimeiona."

Wakapanda feri, wakavuka, wakashuka Likoni. Karibu na Kombani ndipo Bwana Cornelius alipofungua tena daftari. "Ngome tutapunguza nusu saa," akasema, kama anayesema peke yake. "Kama yule mama atakubali wageni."

"Ameshakubali, sir. Wasizidi watano, wavae heshima, na wapige hodi."

"Na wanaume?"

"Barazani, sir. Kama wewe."

Abdurahman alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Alhamisi iliyofuata Concepta alivaa fulana ya njano.

Basi ndiyo hiyo, na aliyesema Esha alifukuzwa kwenye gari ni mwongo. Esha alibaki londri peke yake, mashuka ya watu wawili, pasi juu yake, mgongo wake haujapona mpaka leo. Nilimuuliza kama alijuta. Akaniambia anataka kurudi kwa Bi Mwanatumu, kuna chumba cha juu hakuonyeshwa.

Mimi nimemaliza. Mkono unaniuma na taa imepungua mafuta. Sasa wewe uliyesoma, hujanisoma bure: chukua karatasi, uniandikie mtu mmoja wa kwenu, alivyo kweli, usimpake sukari. Uandike herufi kubwa, maana miwani yangu imekatika mkono mmoja. Uitume kwa gari la Msambweni, useme ni ya dadake Esha. Na usichelewe.