Bido la Spesioza

Nilipokuwa mtoto kule Keza, neno dumu lilitutosha. Dumu la maji, dumu la mafuta ya taa, basi. Wenye maduka Biharamulo walisema galoni, na baba kila akirudi kutoka huko naye alisema galoni kwa muda, ili tujue alikotoka. Kisha wakaja wakimbizi kutoka Burundi, na Spesioza akaja na bido.

Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye mwendo wa taratibu. Alitoka kambini kuja kumpalilia bibi yangu migomba, na bibi alimlipa ndizi. Bido lake lilikuwa la njano, limebabuka upande mmoja, na kifuniko chake kilikuwa kigunzi cha hindi. Kwetu dumu lilikuwa chombo tu. Kwake bido lilikuwa kiti akichoka, mto akijinyoosha kivulini, na kipimo cha maharage. Akisema nusu bido, bibi alielewa. Mtoto wake akilia, alilipigapiga kama ngoma mpaka anyamaze. Sisi tulimfuata nyuma tukiimba, "Bido! Bido!" Nilikuja kujua ukubwani kwamba neno lenyewe ni la Kifaransa, wamelipata kwa Wabelgiji waliowatawala. Wakati ule tuliona ni ushamba wa mtu asiyejua kusema dumu.

Shikamoo yangu aliijibu "Amahoro," amani kwa lugha yao, kisha akacheka. Bibi alimpenda. Walikuwa wakikaa pamoja wakimenya ndizi, kila mmoja akisema lugha ya kwao na wakisikilizana bila taabu.

Halafu jirani yetu mmoja mzee akafariki kwa kuumwa tumbo. Kabla hata matanga hayajaisha, maneno yalikuwa yameenea: wakimbizi wana sumu, wanaificha chini ya ukucha wa kidole gumba, akikupa pombe anachovya kidole tu na wewe umekwisha. Hakuna aliyekuwa ameuona ukucha huo. Mama yangu aliamini, na mimi niliamini kuliko mama.

Katikati ya maneno hayo, Spesioza akatokea kwetu na bido limejaa pombe ya ndizi. Bibi alikuwa kanisani.

"Ni ndizi alizonilipa bibi mwenyewe," alimwambia mama. "Nimekuja kumshukuru."

Akaomba kikombe. Akamimina, akanywa mbele yetu mpaka chini, kama desturi inavyomtaka anayeleta pombe, ili anayepokea asiwe na wasiwasi. Akafuta midomo kwa ncha ya kitenge, akasema bido atalifuata kesho.

"Asante sana, dada," mama alisema, na alitabasamu vizuri kabisa.

Spesioza alipotoweka njiani, mama alilibeba bido mpaka nyuma ya jiko akaimwaga pombe yote kwenye mashina ya migomba, uso ameugeuzia pembeni. Aliniambia nisimguse yeye mpaka anawe mikono.

Bibi alikuwa amekutana na Spesioza njiani, akaingia nyumbani akiulizia pombe yake. Mama akamweleza watu wanavyosema.

"Alionja?" bibi aliuliza.

Mama akashika ufagio, akaanza kufagia.

"Jasinta, mjukuu wangu, alionja?"

"Alionja, bibi. Kikombe kizima."

Bibi akaketi palepale kizingitini. Kwetu pombe ya kumwagwa chini ni ya marehemu. Wao ndio humwagiwa, kwa sababu hawawezi tena kushika kikombe.

"Pombe ya mtu aliye hai hunywewa," alisema. "Huyu umemfanya maiti. Asipoonekana tena hapa, msije mkaniuliza."

Kesho yake mama alikuwa amelisugua bido likang'aa, akalijaza maharage, maana chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Sidhani kama aliwahi kujaza chombo kwa moyo mzito vile. Spesioza alipofika alilipokea kwa mikono miwili, akafurahi. Ndipo kuku wetu walipotokea nyuma ya jiko.

Walikuwa wameshinda kwenye migomba wakidonoa machicha ya mtama uliochachushia pombe ile. Jogoo alitembea kimbavumbavu, akasimama, akajaribu kuwika, akaketi. Tetea mmoja alikuwa amelala miguu juu, anakoroma kabisa. Ingekuwa siku nyingine tungecheka mpaka tulie.

Spesioza aliwatazama. Akatazama migomba, na udongo uliolowa.

"Kuku wenu wamelewa," alisema.

Mama aliinama kumfukuza jogoo. Nilitamani ardhi itumeze, mimi na yeye.

"Nilionja, Mama Jasinta. Nilionja ukiniangalia."

Akavuta ungo uliokuwa karibu, akayamimina maharage yote taratibu, hata moja halikuanguka. Akajitwika bido tupu. Bibi alimwita kwa jina mpaka sauti ikakatika. Alijibu "Amahoro, mama" bila kugeuka, na hakurudi kupalilia tena.

Baadaye kambi ikafungwa, watu wakarudishwa kwao, na habari zake hatukuzipata. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alimuua siku ile nyuma ya jiko, kama bibi alivyosema. Sasa siamini kwamba pombe iliyomwagwa inaweza kuua mtu. Lakini bibi hakukosea. Mtu alisimama uani kwetu, mzima, ametupa alichokuwa nacho, na sisi tukamhesabu miongoni mwa wasioweza kushika kikombe. Aibu hiyo bado ninayo.

Mama sasa ni mzee. Wajukuu humcheka, kwa sababu hajui kusema dumu. "Nileteeni bido," anasema, nao wanaimba, "Bido! Bido!" Yeye huinamisha uso, nami huwaambia wanangu wanyamaze.

Na kuku wale, ilipofika jioni, waliamka wote wakapanda kulala.