Mama Furaha na Marafiki wa Ayubu

Msimu ule wa mvua nyumba yetu katika mtaa wa wachimbaji wa Kapata ilinuka dawa ya vidonda na sombe, majani ya muhogo, iliyochemka. Baba alilala kwenye godoro sebuleni, mguu umefungwa plasta hadi nyongani, kwa kuwa udongo ulimporomokea shimoni alikokuwa akichimba shaba na wenzake. Mvua ikipiga mabati hatukusikiana, na mimi nilifurahi, maana hakuna aliyetegemea niseme kitu. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa kunyamaza. Wageni wakiingia nilisimama nyuma ya pazia nikawatazama. Baba alikwisha kunizoea. Wageni wakiondoka aliniita nimsomee Biblia, na mbele yake peke yake sauti yangu ilitoka bila shida.

Mama Furaha, kiongozi wa chumba cha maombi cha mtaa wetu, alikuja karibu kila alasiri na wanawake wenzake wawili. Mwanzoni nilimpenda. Alileta unga wa bukari, ugali wetu, na makaa, akakaa kwenye mkeka na mama, wakalia pamoja, kisha wakacheka jambo fulani la sokoni. Lakini mguu ulipochelewa kupona, akaanza kutafuta sababu. Shimoni walikuwa watu wengi. Mbona udongo umchague huyu mmoja? Siku moja akanielekezea kidevu pale penye pazia.

“Uyu mutoto wenu hasemake,” alimwambia mama. “Anaangaliaka tu batu. Mutoto wa vile anabebaka kitu. Mutupatie ye, tumufungie mu chumba ya maombi, bila kula, mpaka kile kitu kitoke.”

Nilijua maana yake: kwamba nilibeba uchawi uliomwangushia baba udongo. Msichana wa nyumba za mstari wa nyuma alitoka chumbani humo amekonda, na tangu hapo wenzake hawakucheza naye tena. Nikamtazama mama. Hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana pia. Alinikazia macho kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo, na macho yale yaliniuma kuliko maneno ya Mama Furaha.

“Kaa kwanza, Mama Furaha,” baba alisema kutoka godoroni. “Mutoto atatusomea.” Akaniambia nifungue kitabu cha Ayubu.

Nikatoka nyuma ya pazia, nikakifungua. Nikasoma jinsi Ayubu alivyopoteza mali na watoto, mwili ukajaa majipu, na jinsi marafiki zake walivyofika wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno.

“Ishia apo, mama,” baba aliniambia. Huniita hivyo akinibembeleza. “Munasikia? Siku saba yote balifanya muzuri. Balikuja kuharibu wakati balifungula kinywa.”

Mmoja wa wale wanawake alicheka, akafunika mdomo kwa kitenge.

“Tata, unanicheka?” Mama Furaha alimwuliza baba.

“Hapana, mama. Ngoja asome mwisho.”

Nikasoma mwisho, Mungu anapowakasirikia marafiki wale kwa maneno yao, na kuwatuma kwa Ayubu awaombee. Baba alijiinua kwa viwiko. “Mi nilikuwa ku shimo. Ni udongo njo ulianguka, mvua ilikuwa imeulowesha. Mutoto alikuwa ku masomo.” Kisha, bila dhihaka yoyote, akamwombea Mama Furaha kwa jina, pamoja na magoti yake yanayomsumbua. Maombi yalipokwisha, mama alikuja akakaa nyuma yangu, akaweka mkono mgongoni mwangu. “Mutoto haende fasi yoyote,” alisema. Nadhani alijisemea mwenyewe pia.

Leo baba anatembea kwa fimbo na kutengeneza simu karibu na soko. Siku za mvua mguu humuuma. Mimi niko sekondari. Nimekisoma kitabu kile chote nikitafuta mahali Mungu anapomweleza Ayubu sababu ya mateso yake, lakini sijapaona. Zamani jambo hilo lingenitisha. Sasa naliona kama ruhusa: naweza kumwamini Mungu bila kutafuta mkosaji wa ajali ya baba. Mbele ya watu bado siwezi kusema sana. Mama akiniona nimejifungia chumbani na daftari, hufungua mlango kidogo.

“Unaandikaka nini?”

“Bitu tu, mama.”

“Sawa basi,” hujibu, akafunga mlango polepole. Katika nyumba hii, kunyamaza kwangu sasa ni kunyamaza tu.